Mashuka Yaliyojitenga

Nilimimina bidudu juu ya meza ya direktere, kati ya kikombe chake cha kahawa na karatasi aliyokuwa anatusomea. Bilikuwa hai. Asubuhi ile nilikuwa nimebitoa kwenye mugongo wa mutoto wangu, kimoja kimoja, kwa mafuta na kwa bidole, nikabifungia ndani ya kisanduku cha kiberiti sababu nilitaka abione kabla habijakufa. Binene, byeupe. Bikaanza kujipinda juu ya maandishi yake.

"Monsieur le Directeur," nikasema, "umesema bidudu inatoka kwetu, ku nyumba ya kufulia. Haya. Biko hapa. Uliza byenyewe."

Bakubwa ba kila paviyo, kila wodi ya hospitali, balikuwa bamekaa kuzunguka meza ile, bamenyoosha shingo kama batoto ba shule siku ya mukaguzi. Mama mukubwa wa paviyo ya batoto, mwanamuke mwenye mvi aliyeshika funguo kiunoni tangu mimi sijazaliwa, alinivuta kikwembe, nguo yangu ya kiunoni, kutoka chini.

"Kaa chini, weye. Kaa. Utajipoteza bure."

Direktere aliinua kikombe chake, akakisogeza mbali. Bidudu alibiacha. Uvumilivu wangu uliisha pale, nadhani, si wakati nilifungua kiberiti. Uliisha nilipomuona anaokoa kahawa.

Mugeni anayesoma hii atauliza: bidudu gani? Iko nzi moja hapa kwetu, kubwa, rangi ya matope. Haikuumi. Inatafuta nguo mbichi iliyoanikwa kivulini ao juu ya majani, inataga mayai kwenye mikunjo, inaenda zake. Ukimulalisha mutoto juu ya nguo ile, mayai yanaanguliwa kwa joto la mwili wake, na kidudu kinaingia ndani ya ngozi, kinakaa pale kinanenepa, mpaka panatoka jipu lenye tundu, na ndani ya tundu kitu kinapumua. Dawa ni moja, na kila musichana wa hapa anaijua mbele ya kujua kupika ugali: pasi ya moto. Mbele, nyuma, na kwenye mishono. Mwanamuke ambaye hana chumvi ndani ya nyumba atakuwa na makala ya pasi. Hakuna mama wa Katanga anayemuvalisha mutoto nguo ambayo haikupita pasi.

Basi namna gani hospitali nzima, yenye baganga na masista na sindano za Ulaya, ikalalisha batoto ba bantu juu ya mayai ya nzi? Hilo ndilo ninataka kueleza. Nitaeleza polepole, sababu bakubwa ba kazi bakisoma hadithi kama hii banakimbilia ukurasa wa mwisho kutafuta jina la muntu wa kufukuza. Jina halipo. Mutangoja bure.

Wakati ule nilikuwa na mutoto mumoja, musichana ambaye hajaanza kutembea. Mume wangu alikuwa Kasenga kununua samaki wakati barabara ilifungwa, na kila muntu aliyetoka kule alileta habari yake: iko muzima, iko ng'ambo ya mto, iko na mwanamuke mwingine mwenye matako. Nilikuwa nimesoma kwa masista, sekondari, si mpaka mwisho, lakini ya kutosha ili bajirani banichukie. Katanga ilipojitenga na Kongo, na bazungu wengi bakakimbia, biti bingi bya kazi bikabaki bitupu. Sista aliyesimamia mashuka ya hospitali alienda likizo na hakurudi. Balinipa kiti chake. Mushahara wake habakunipa.

Kazi yangu ilikuwa ku dirisha la nyumba ya kufulia. Upande mumoja ninapokea bikapo bya mashuka machafu kutoka paviyo zote, upande mwingine ninatoa yaliyopikwa kwenye mapipa, yakaanikwa kwenye kamba juani, yakapigwa pasi. Mashuka yote yalikuwa lundo moja. Yule Sista aliniachia sheria moja tu: angalia nani analia. Siku ya mvua batoto banakojoa zaidi, basi unapeleka mengi kwa batoto. Ikitokea ajali ku mugodi, unapeleka kwa upasuaji. Kesho inageuka. Hakuna aliyehesabu yake, sababu hakuna aliyekuwa na yake.

Halafu mashuka yakaanza kupungua. Yaliibwa, sitadanganya. Bakimbizi balikuwa banalala nje, mapigano yalikuwa yanakuja na kurudi, na sanda haikupatikana dukani. Bantu wengi balizikwa ndani ya mashuka ya hospitali ile, na mimi siwezi kumulaani muntu aliyemufunika mama yake.

Direktere wetu alikuwa mweusi kama sisi. Mbele ya hapo, alikuwa karani wa hesabu chini ya muzungu. Sasa muzungu alikuwa hayupo, na tai yake direktere alikuwa ameirithi, sijui kama alipewa. Hakuwa mujinga. Ningependa kuandika kwamba alikuwa mujinga, ingekuwa hadithi fupi. Alikuwa muntu wa usafi, wa saa, wa kila kitu na mwenyewe wake. Akaona mashuka yanapotea, akafikiri kama karani: kitu kinapotea sababu hakina mwenyewe. Akaleta uzi.

Uzi mwekundu kwa paviyo ya kuzalia. Uzi wa buluu kwa batoto. Kijani kwa upasuaji. Tulikaa tukishona kwenye pembe ya kila shuka mpaka bidole bikatoka damu. Kutoka siku ile, paviyo inapata rangi yake tu, na inapata safi moja kwa chafu moja. Huna chafu, hupati safi. Na ku geti, sisi banamuke tuwe tunafunguliwa bikwembe, hata mwenye mutoto mugongoni, kuona kama hatukujifunga shuka ndani.

Musimamizi wa pasi alikuwa mwanaume wa Kasai, mukristo wa kweli, ambaye alikuwa amepiga pasi ndani ya nyumba ile tangu ujana wake. Alinyanyua shuka ya kwanza yenye uzi, akaiangalia pembeni, akacheka.

"Mama, unaona? Inchi imejitenga, na bendera yake. Sasa hata mashuka bameyipa bendera."

"Funga mudomo, tata," nikasema. "Kuta zina masikio."

"Kuta? Kuta zinajua. Nataka kujua kama shuka ya kijani itaomba pasiporti ikilala ku kitanda cha buluu."

Tulicheka sisi bote, mpaka banaume ba mapipa. Muntu mumoja kati yetu alicheka na akaenda kuripoti. Sijui nani. Sitaki kujua tena.

Na sikiliza: kwa muda kidogo, uzi ulifaa. Hii ni lazima niiseme, sababu ndiyo sumu yenyewe. Wizi ulipungua. Direktere alipita ku dirisha langu anapiga miluzi. Kama dawa yake ingeshindwa siku ileile, tungeifungua na kuitupa. Ilifaa, basi tukaiamini, na ubaya wake ukawa unakuja nyuma polepole, kupitia mulango mwingine.

Mvua ikaanza. Mashuka hayakauki. Batoto banakojoa, banatapika, banahara; kila shuka ya buluu ya hospitali iko kwenye kamba, inatiririka maji. Na nyuma yangu, ku mbao, lundo la kijani, kavu, limepigwa pasi, linangoja. Upasuaji balikuwa na bagonjwa bachache siku zile. Mama mukubwa wa batoto akaja mwenyewe ku dirisha.

"Nipe mashuka, mwanangu."

"Ya buluu hakuna, mama."

"Na ile nyuma yako?"

"Ile ni ya kijani."

Akaniangalia kama mimi ni kitu kilichoanguka kutoka pua ya muntu.

"Batoto bangu banakojoa rangi gani, weye? Niambie, nibafundishe."

Nikampa kijani, nimefunika na gazeti. Direktere alikuwa na macho ku kila korido; kesho yake aliyarudisha yeye mwenyewe, na mushahara wangu ukakatwa, na mama mukubwa akasomewa makosa mbele ya basichana bake ba kazi kama mwizi. Mwanamuke mwenye mvi! Alisimama, mikono nyuma. Lakini kutoka siku ile bikapo byake byenye mashuka machafu bikaanza kuwa byepesi.

Mimi niliona, nikashukuru. Fikiria! Nilisema, batoto bamepungua ugonjwa, Mungu mukubwa.

Direktere aliona pia, na akafikiri kama karani: machafu yanatoka paviyo, hayafiki ku dirisha, basi bafuaji banayaiba katikati. Nani kati ya bafuaji? Akakumbuka kicheko na bendera. Wakati ule bantu ba Kasai balihesabiwa kuwa adui ba Katanga; kama unatoka Kasai, hukuhitaji kuiba. Ilitosha kuwa umetoka Kasai. Alimusimamisha mupiga pasi katikati ya kiwanja, akamuvua shati, suruali, mbele yetu bote, na mbele ya batoto ba shule banaopita ku uzio wa waya. Hakupata hata kitambaa cha pua.

"Unawapelekea ndugu zako kule kambini ku bakimbizi, eh?"

"Nawapelekea nini, baba? Sina hata suruali, unaona."

Alifukuzwa vilevile. Bapiga pasi bawili bapya bakaletwa, jamaa ya muntu fulani, ambao habakujua kupima moto wa makala: bakiunguza shuka moja, banaogopa, banapiga zinazofuata na pasi baridi. Kazi ikawa nusu. Mashuka safi yakawa machache zaidi. Bikapo bikawa byepesi zaidi.

Hapo mutoto wangu akashikwa na surua, na surua ikashuka kifuani.

Alilazwa paviyo ya batoto, kitanda cha dirishani, na akaandikiwa sindano, asubuhi na jioni. Muganga aliniambia bila kufungua macho yote: "Akikosa sindano, mapafu inafunga." Kwa hiyo nilikuwa ninafanya kazi ku dirisha langu na kukimbia kumunyonyesha na kurudi, maziwa yananilowesha blauzi, na ndani ya kichwa changu kulikuwa na kitu kimoja tu: atoke pale anapumua. Mambo mengine yote nilikuwa ninayafanya na mikono.

Kando yake alilala mutoto wa musichana mukimbizi, mutoto aliyezaliwa mbele ya wakati wake, mudogo kama sungura aliyechunwa. Musichana yule hakujua kusoma, hakujua nani ni nani, aliniita "mama muganga" sababu nilikuwa na blauzi nyeupe. Siku moja akanionyesha mugongo wa mutoto.

"Mama muganga, hii ni surua gani?"

Niliona majipu. Niliona matundu. Nilibonyeza moja na kidole, na kitu kikarudi ndani.

Nikanyanyua wangu. Alikuwa nayo pia, mugongoni na nyuma ya mapaja, mahali pote palipogusa shuka. Nikaishika shuka. Ilikuwa ngumu kama ngozi, imejaa mikunjo, inanuka maji ya baridi. Uzi wa buluu ulikuwa pale pembeni, muzuri sana. Lakini shuka ile haikupita ku dirisha langu siku nyingi. Mimi ninazijua zangu.

Nikatoka kwa mulango wa nyuma wa paviyo. Uzio wa majani ulikuwa mweupe kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mashuka, mashuka, yamelala juu ya majani mabichi, kivulini, na nzi zinatembea juu yake kama bamama sokoni. Basichana ba kazi ba mama mukubwa balikuwa banafua ndani ya beseni ya kuogeshea batoto, na yeye mwenyewe amebasimamia.

Sikumuita mama. Nilimuita kwa maneno ambayo masista habakunifundisha.

"Unaua batoto! Weye, na mvi zako! Unaanika mashuka ya batoto juu ya majani kama muntu wa porini!"

"Na weye unazo?" akapiga kelele vilevile. "Nikikuletea hizi zote machafu, leo mvua inanyesha, kesho unaniambia ya buluu hakuna. Nibalalishe juu ya nini? Juu ya lastiki tupu ya godoro? Juu ya barua ya direktere?"

"Ungepiga pasi!"

"Na pasi gani? Pasi iko kwako! Makala iko kwako! Mimi nilipewa uzi!"

Basichana bake baliacha kufua, bakatuangalia. Mama mukubwa akakaa juu ya jiwe.

"Shuka yangu nikiitoa, hairudi," akasema polepole. "Nikiishika, iko. Muntu mwenye batoto kwenye bitanda atafanya nini, mwanangu? Ninaishika."

Nilikuwa nimekuja kumupiga. Nilikuwa nimeshafunga kikwembe mara mbili. Sikumupiga, na si huruma ilinizuia, ni kwamba nilielewa, na kuelewa kulinikasirisha zaidi.

Siku ile sikurudi ku dirisha. Nilitembea. Nilifuata njia ya shuka kutoka kitanda mpaka kitanda, paviyo kwa paviyo, kitu ambacho direktere hakufanya hata siku moja, sababu yeye mashuka yalimujia kwenye karatasi. Paviyo ya kuzalia, machafu yalikuwa chini ya bitanda, yamefungwa bifurushi, banangoja kuona kama nyekundu zitarudi. Upasuaji, muganga wa zamu alinifungulia kabati bila aibu: kijani, kavu, nzuri, mpaka juu, na kabati ya pili nyuma yake.

"Hizi ni za nini?" nikauliza.

"Za vita. Mapigano yakirudi, nani atanipa? Kila muntu analinda yake sasa."

"Batoto banalala juu ya bidudu."

"Pole, dada. Lakini batoto iko na rangi yao."

Basi ndiyo hiyo. Ninataka muifuate na kidole. Direktere anaogopa wizi, analeta uzi. Uzi unafanya kila paviyo iogope kukosa, basi kila paviyo inaficha. Ikificha, machafu hayaji kwangu; machafu yasipokuja, safi hazitoki. Safi zisipotoka, banaogopa zaidi, banaficha zaidi, banafua kwa baridi na kuanika kwa majani. Bidudu binaingia ndani ya batoto. Mutoto mwenye majipu anachafua shuka mara mbili kuliko mwenzake. Na direktere, akisikia bidudu, anafanya nini? Jioni ileile alitangaza kwamba uvivu uko ku pasi, na kwamba kila shuka ipigwe pasi mara mbili. Mara mbili! Mashuka safi yakatoka nusu ya yale machache. Yaani alishika kile kilichokuwa kinatunyonga, akakaza.

Na hakuna aliyefanya vibaya. Hilo ndilo linanifanya niumwe na meno mpaka leo. Mama mukubwa alilinda batoto bake. Muganga wa upasuaji alilinda bagonjwa bake. Direktere alilinda mali. Mimi nilifuata rangi. Kila muntu alifanya kazi yake vizuri, na batoto bakaoza.

Mutoto wa musichana mukimbizi alikufa asubuhi iliyofuata, sumu ya majipu ilikuwa imeingia ndani ya damu. Mama yake aliomba shuka ya kumufunga. Mama mukubwa alimwambia hapana, sababu bila chafu hakuna safi, na shuka inayoenda kaburini hairudi chafu. Alisema hivyo akilia, lakini alisema. Musichana akavua kitambaa cha kichwa. Mutoto alikuwa mudogo. Kitambaa kilitosha, na kikabaki.

Niliporudi kwa wangu, nilianza kutoa bidudu. Kisanduku cha kiberiti kilikuwa ndani ya mufuko wangu. Na ile saa, mujumbe akaja: direktere anaita mukutano wa bakubwa juu ya uchafu wa nyumba ya kufulia.

Sasa munajua kwa nini nilimimina.

Alipomaliza kuokoa kahawa yake, direktere alisema, bila kupandisha sauti:

"Madame, keti. Tunaelewa uchungu wa mama."

"Huelewi. Nyumba ya kufulia haianiki juu ya majani. Twende nyuma ya paviyo, sasa hivi, na tai yako, uone. Halafu tufungue kabati za upasuaji."

Muganga wa upasuaji akaangalia dari. Mama wa paviyo ya kuzalia akaanza kutafuta kitu ndani ya mufuko wake.

"Nani anaanika juu ya majani?" direktere akauliza.

"Uzi wako."

"Nimeuliza jina."

"Nimekujibu."

"Nipe jina la muntu anayeanika, na leo atatoka kwenye geti hii. Unasema batoto banakufa. Basi saidia batoto. Jina."

Mama mukubwa alikuwa kando yangu, mukono ku funguo zake. Bakubwa bote balikuwa banajua. Balikuwa banangoja kwa njaa, kama bantu banaongoja nyama igawanywe, kila muntu akishukuru kwamba haikuwa yake. Na nilimuchukia yule mwanamuke, musidhani vingine. Dakika ile, mugongo wa mutoto wangu ulikuwa na matundu sababu ya yeye. Lakini niliona kesho: ataondoka, ataletwa mwingine, mudogo, muoga, na bitanda bilebile, na uzi uleule. Kabla ya mvua ya pili ataanika juu ya majani.

"Ukimufukuza yeye, ukinifukuza mimi, ukijifukuza weye mwenyewe," nikasema, "shuka ya buluu haitakauka kwa hiyo. Ulishafukuza mupiga pasi. Mashuka yaliongezeka? Sema. Yaliongezeka?"

Direktere aliangalia karatasi yake. Kidudu kimoja kilikuwa kimefika kwenye sahihi yake. Akakipangusa na kidole, akajifuta kwa kitambaa.

"Voilà," akasema. "Kama hakuna jina, tutaandika la kwako."

Mutoto wangu alikuwa amepewa kitanda kama jamaa ya mufanyakazi. Si mufanyakazi tena, basi mutoto si jamaa. Nilipofika paviyo, karatasi ilikuwa imenitangulia. Nilimufunga mutoto mugongoni, moto wake ulipita kikwembe na blauzi. Nilikuwa sijafika mulangoni niliposikia kitanda kinalia. Nikageuka. Musichana wa kazi alikuwa amechukua shuka ya mutoto wangu, ileile ngumu, yenye madoa, akaigeuza upande wa pili, akaipiga na kiganja kuinyoosha, na mama mwingine, ambaye simujui, akamulalisha wake juu yake. Akamushukuru hata.

Mama mukubwa alikuja nyumbani kwangu jioni ile, na kila asubuhi na kila jioni iliyofuata, sindano ndani ya kopo la maji ya moto chini ya kikwembe. Siku ya kwanza nilimutemea mate mbele ya miguu, akapita juu yake, akauliza: "Tako gani lilichomwa asubuhi?" Alimuchoma mutoto, akaosha sindano yake, akaenda. Siku mutoto alipokaa mwenyewe na kuomba uji, mama mukubwa alifunga kopo lake na kusema: "Huyu umepata. Kule kwangu bamekufa bengine." Kisha akaongeza, mulangoni: "Weye ndiye mwenye kusoma. Andika."

Nikaenda mujini, ofisi ya inspekta wa afya. Barua ya kwanza niliyoandika nyumbani ilikuwa matusi tupu, nzuri sana. Niliichoma sababu ningefungwa. Karani wa pale, kijana mwenye nywele za kuchana pembeni, alisoma ya pili na kuirudisha.

"Mama, mashitaka haina mushitakiwa. Unaona hapa? 'Dhidi ya.' Andika jina."

"Nimeandika. Agizo la uzi."

"Agizo haliwezi kuitwa mbele ya inspekta. Muntu ndiye anaitwa. Andika direktere, ao ule mama wa paviyo. Moja tu inatosha, itaenda mbiombio."

"Itaenda mbiombio wapi?"

"Mais, mama, unataka kushinda ao hutaki?"

Nilimuambia apige muhuri, ao nimuwekee mutoto juu ya meza aone mugongo wake. Akapiga. Haya ndiyo yaliyopokelewa, sikutoa neno:

Kwa Bwana Inspekta wa Afya.

Mimi ni mama wa mutoto mumoja na nilikuwa musimamizi wa mashuka ya hospitali mpaka nilipofukuzwa. Ninaleta mashitaka dhidi ya agizo linalogawanya mashuka kwa uzi wa rangi na kutoa safi kwa chafu tu.

Agizo hili lilikomesha wizi kidogo na likaleta ufichaji mwingi. Mashuka hayakupotea. Yako kwenye kabati za upasuaji, chini ya bitanda bya kuzalia, na juu ya majani nyuma ya paviyo ya batoto. Batoto banalala juu ya yaliyokauka kwa majani bila pasi. Mutoto mumoja amekufa mbele ya macho yangu. Ninaambiwa bengine bamefuata.

Siandiki jina la muntu. Nimeombwa jina mbele ya bakubwa bote na nimekataa. Mukimufukuza muntu, atakayekaa kwenye kiti chake atafanya vilevile, sababu ndivyo agizo linamuamuru afanye.

Ninaomba nyuzi zifunguliwe. Mashuka yote, ya paviyo zote, yarudi ku nyumba ya kufulia siku moja, bila muntu kuulizwa yalikaa wapi; mukiuliza, hayatakuja. Mupiga pasi aliyefukuzwa aitwe, na aombwe musamaha mbele ya balewale baliomuona uchi. Direktere asikae tena ofisini kwake siku za mvua. Afuate shuka moja kwa miguu, kutoka kitanda mpaka kitanda, mpaka aelewe.

Kazi yangu siiombi.

Kitanda cha dirishani, paviyo ya batoto, kina mutoto ambaye simujui jina. Nilimuacha amelala upande wa pili wa shuka ya mutoto wangu. Kabla hamujaniita kunihoji, kabla hamujamuita muntu yeyote, mumutoe pale.